Kaske gani ununue ukiwa Lubumbashi: tano nilizozipanga, na namna ya kuzisikiliza vizuri

Mtu akinijia kuniuliza anunue kaske gani, mimi humuuliza kwanza: usiku umeme ukikatika, jenereta ya jirani iko umbali gani na kitanda chako? Hapa Lubumbashi hapo ndipo pa kuanzia. Kaske (wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema hedifoni) ziko za aina mbili kubwa. Kuna zilizo wazi, ambazo mgongo wake ni wavu. Hewa inapita, muziki unapata nafasi kana kwamba umekaa sebuleni na wapigaji wenyewe, lakini kelele zote za mtaa zinaingia na aliyelala pembeni yako anasikia unachosikiliza. Na kuna zilizofungwa. Hizo zinaziba sikio na kupunguza kelele, ila mara nyingi muziki unabanana kidogo humo ndani. Ukikosea hapa, hata ulipe dola elfu moja, utajuta.

Nimezipanga kwa mambo matatu: sauti yake, kama simu au kompyuta yako itaweza kuiendesha, na kama ikiharibika inatengenezeka hapahapa Katanga bila kuirudisha Ulaya. Hilo la tatu nimelipa uzito mkubwa kuliko waandishi wengine wanavyolipa, kwa sababu wao duka la vipuri liko barabara ya pili. Letu liko Johannesburg au Dubai, na kifurushi kinasubiri mtu anayesafiri.

Ya kwanza: Sennheiser HD 600

Ilitoka mwaka 1997 na bado inauzwa. Kaske iliyodumu sokoni muda wote huo ina vipuri vingi, na hii imeundwa ili kila kitu kitoke kwa mkono: mito ya masikio, nyavu za nje, sponji ya utosini, hata waya, ambao umechomekwa kila upande peke yake. Waya wangu ulikatika ndani upande wa kushoto baada ya mguu wa kiti kuukanyaga. Kwa wiki tatu sikusikia kitu upande huo, mpaka binamu yangu aliporudi kutoka Afrika Kusini na waya mpya mfukoni. Nilivuta wa zamani, nikasukuma mpya, kazi ikaisha hata chai haijapoa. Hakuna kulehemu, hakuna bisibisi.

Sauti yake ni ya ukweli, hasa kwenye sauti za watu na magitaa. Chukua Mwenda wa Bayeke, mpiga gita mtoto wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Alikuwa akipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Kwenye spika ya simu unasikia gita moja linakwenda mbio. Kwenye HD 600 gumba linatengana na kidole cha pili: kimoja kinashika besi kama mtu anayetembea, kingine kinamzunguka, na kati yao unasikia ngozi ya kidole ikiukwaruza uzi. Mara ya kwanza kulisikia hilo niliirudia sehemu ileile mpaka nikasahau chakula.

Ubaya wake nitausema wazi. Besi ya chini kabisa, ile ya amapiano inayotikisa kifua, haifiki. Besi ya rumba inafika vizuri. Ikiwa mpya inabana kichwa. Iache usiku kadhaa ikiwa imevishwa juu ya rundo la vitabu lenye upana wa kichwa chako. Na haizuii jenereta hata kidogo. Bei yake ng'ambo ni kati ya dola 300 na 400. Ndugu yake HD 650, ya mwaka 2003, ina joto kidogo zaidi upande wa besi. Ukiipata kwa bei nzuri, chukua bila wasiwasi.

Ila hii ina omu 300 (omu ni kipimo cha jinsi kaske inavyouzuia umeme usipite), na hapo watu wengi wanakwama. Fikiria tanki la maji juu ya mnara. Volti ni urefu wa mnara, yaani msukumo. Ampere ni wingi wa maji yanayopita kwenye bomba. Kaske ya omu 300 inataka mnara mrefu. Simu au kigeuzi kidogo (kile kidude cha kuchomekea kaske kwenye simu isiyo na tundu) chenye volti 1 kinaipa miliwati 3 hivi, ambazo zinatosha kwa nyimbo za siku hizi zilizorekodiwa kwa sauti kubwa, lakini kwaya au okestra iliyorekodiwa kwa upole itakuacha umefika mwisho wa kitufe na bado unataka zaidi. Amplifaya ya mezani yenye volti 4 inatoa miliwati zaidi ya 50 kwenye kaske hiyohiyo. Ukiipanga HD 600 kwenye bajeti, tenga na dola 100 hivi za amplifaya, na uichomeke kwenye stabilaiza. Umeme wetu unaporudi baada ya kukatika hurudi na nguvu ya kuunguza adapta.

Ya pili: Beyerdynamic DT 770 Pro, ile ya omu 80

Kama jenereta iko dirishani pako, hii ndiyo ya kwanza kwako. Imefungwa, inatengenezwa Heilbronn, Ujerumani, na inauzwa kwa matoleo ya omu 32, 80 na 250. Chukua ya 80: kompyuta na vigeuzi vingi vya simu vinaiweza. Ya 250 iache kwa mwenye amplifaya.

Mafundi wa sauti wanaorekodi kwaya wanaipenda kwa sababu muziki hauvuji ukaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji. Besi yake ni nzito na inashuka chini kweli. Juu ina makali: herufi "s" na matoazi yanaweza kuchoma masikio ya mtu asiyezoea, na mimi ni mmoja wao, ndiyo maana haikuchukua namba moja. Mito yake ya kitambaa laini haichemshi masikio hata mwezi wa kumi kabla ya mvua, na inatoka kwa mkono. Udhaifu mmoja mkubwa: waya wa mita 3 ambao hautoki. Ukikatika, ni kwa fundi mwenye chuma cha kulehemu. Kwa bahati hao tunao kila pembe ya soko. Mwambie tu aandike rangi za nyaya kabla ya kuzikata. Bei ni dola 150 hadi 200.

Ya tatu: Sony WH-1000XM4

Hii ni ya bluetuthi, inakunja, na ina maikrofoni zinazosikiliza kelele ya nje kisha kutengeneza sauti ya kinyume chake ili zifutane. Ujanja huo unaweza zaidi miungurumo ya chini isiyobadilika. Basi la kwenda Likasi, ndege, na hasa jenereta: zinazama. Sauti za watu na mlio wa honi zinapungua tu. Ilitoka mwaka 2020 kwa dola 350 hivi, betri inakaa hadi saa 30, na betri ikiisha unachomeka waya unaendelea kusikiliza, ingawa sauti inapoteza uzuri wake kidogo. Kwa simu ya Android washa LDAC, njia ya Sony ya kupitisha muziki hewani, kwenye mipangilio ya bluetuthi, maana inapitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde. iPhone haina LDAC. Inatumia njia nyingine iitwayo AAC, nayo si mbaya.

Mbona ni ya tatu basi? Kwa sababu betri huzeeka, na kwa sababu hii ni kaske inayoigizwa sana. Nilishauziwa ya bandia mjini, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Boksi lilikuwa zuri, maandishi sawasawa, uzito mkononi unaridhisha. Wiki ya pili ilikufa upande mmoja, nikaifungua na rafiki yangu fundi. Ndani ya kila sikio tulikuta kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi, hakina kazi yoyote isipokuwa kuongeza uzito. Kile chuma bado ninacho. Tangu hapo nawaambia watu: pakua programu ya Sony kwenye simu yako kabla hujaenda dukani, uunganishe kaske mbele ya muuzaji. Programu ikikataa kuitambua, rudisha dola zako mfukoni.

Ya nne: Hifiman Sundara

Badala ya koni kama spika ya kawaida, ndani yake kuna utando mwembamba sana wenye njia za umeme, umetandazwa kati ya sumaku. Besi yake ni safi na imenyooka mpaka chini, na vyombo vinatengana kwa namna ambayo HD 600 haifanyi. Kwa sauti peke yake ningeiweka ya pili. Lakini ina gramu 372, ni wazi kabisa, na inataka wingi wa umeme kuliko msukumo: bomba pana, si mnara mrefu. Omu zake ni 37 tu, mtu anadhani simu itaiweza, kisha anashangaa inasinzia. Na vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, halifai kabisa kukaa karibu na utando kama ule. Mwenye chumba safi na mfuko wa kuihifadhia, aichukue. Ng'ambo ni dola 300 hadi 350.

Ya tano: zile kubwa

Sennheiser HD 800 S, Focal Utopia ya Wafaransa iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 4,000 hivi. Ni kazi za ajabu. Simshauri mtu aanzie huko, kwa sababu zinaonyesha kila kasoro ya rekodi, na rekodi nyingi tunazozipenda za miaka ya sitini na sabini zina kasoro nyingi.

Ukiwa dukani, au ukinunua iliyotumika, jaribu hivi. Weka rekodi ya zamani ya chaneli moja, kama zile za Mwenda za 1952. Sauti lazima ikae katikati kabisa ya kichwa, kati ya masikio mawili. Ikielemea upande mmoja, upande wa pili umechoka. Ikitawanyika na besi ikapotea, fundi aliyelehemu alipishana nyaya. Kisha weka wimbo wenye besi ya chini, sauti ya wastani, usikilize kama kuna kitu kinatetemeka na kuvuma. Mara nyingi ni unywele ulioingia na kugusa utando, na muuzaji atakuambia ni kawaida. Si kawaida. Mwisho shika waya karibu na jeki (kichwa chake cha kuchomeka) uuzungushe taratibu muziki ukiwa unacheza. Dada zangu wenye mesh (nywele za kuongezea), na sisi wa miwani: jaribuni mkiwa hivyohivyo mnavyokaa kila siku, kwa sababu kwenye kaske iliyofungwa uwazi mdogo tu kati ya mto na ngozi unamwaga besi yote.

Kuna jambo linaniuma kila nikiliona. Mtu ananunua kaske ya dola 300 kisha anasikiliza wimbo uliotumwa kwenye WhatsApp, ukatolewa kwenye video, ukabanwa mara nne njiani. Kaske nzuri haiwezi kurudisha kilichokwisha kukatwa. Pakua usiku ukiwa na mtandao wa bei nafuu, kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde: saa nzima ya muziki ni megabaiti 144, na kwenye simu inabaki hata mtandao ukipotea. Faili zisizopunguzwa, kama FLAC au zile ambazo Apple Music ilianza kuzitoa mwaka 2021, zinakula mega mara mbili au tatu zaidi. Tofauti kati ya 320 na FLAC ni ndogo. Tofauti kati ya 320 na ule wimbo wa WhatsApp ni kubwa, nayo haigharimu hata franka moja ya kaske.

Pesa za nyaya za fahari ziweke. Kwa simu isiyo na tundu la kaske, kigeuzi kidogo cha Apple cha USB-C cha dola 9 ni kisafi kuliko vingi vya bei ya juu, ila kwenye simu nyingi za Android sauti yake inatoka chini. Kwa hizo tafuta cha kampuni ya FiiO au iFi. Halafu ekwalaiza, yaani programu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu. Kwenye Android kuna programu iitwayo Wavelet yenye masahihisho tayari ya maelfu ya kaske, kwenye Windows kuna Equalizer APO, na zote unaweza kuanza nazo bila kulipa. Ukiiongezea HD 600 desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za besi, punguza sauti yote desibeli 5 kwanza, la sivyo muziki unakwaruza.

Masikio hayana vipuri. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 89 ni saa 5 tu. Hatari ya kaske wazi mtaani kwetu ni kwamba jenereta inanguruma, unapandisha sauti kuishinda, unazoea, na kesho unaanzia pale.

Unapomwagiza ndugu anayesafiri, mpe noti za dola nzima, zisizochanika hata ukingoni, maana hapa iliyochanika hupati wa kuipokea. Na muombe alete jozi moja ya mito ya akiba kwenye boksi lilelile. Mito ikilala, sikio linakaribia spika na sauti inabadilika polepole bila wewe kujua. Mimi yangu hubadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, mvua za kwanza zikishalaza vumbi.