Nani aruhusiwe kushindana upande wa wanawake: tupime homoni au jeni?

Hapa Kampala mazungumzo ya waliobadili jinsia michezoni huishia kwa mwanariadha wetu Annet Negesa, ingawa yeye hakubadili jinsia. Alizaliwa na maumbile tofauti ya kijinsia, akakosa Olimpiki ya London 2012 kwa sababu ya wingi wa testosteroni, homoni ya kiume. Kipimo cha homoni kiliacha mlango: shusha kiwango, ukimbie. Kushusha lakini ni dawa, pengine kisu. Negesa alipasuliwa, na kasi yake haikurudi.

Kipimo cha SRY, jeni inayoanzisha maumbile ya kiume, kilichoanza Septemba 2025 kwenye riadha ya dunia, ni usufi wa ndani ya shavu au damu, mara moja maishani. Kikikukataa, hakuna dozi ya kukurudisha. (Waliobadili jinsia baada ya kubalehe kiume walishafungiwa mashindano ya wanawake tangu Machi 2023.)

Ningechagua cha jeni, mradi majibu yasivuje. Kwetu yakivuja, kukosa mbio ndiyo hasara ndogo.