RX 7800 XT na skrini ya 1440p: zinavyoendana, na zinapokwama

Kosa la kawaida katika kuunda kompyuta ya gemu ni kununua kadi ya grafiki kwanza, kisha kuitafutia skrini kwa hela inayobaki. Skrini ndiyo inayoipangia kadi kazi. Ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440, ambayo wachezaji huiita 1440p, ina 3,686,400, karibu mara 1.8 ya ile ya kwanza, na 4K ina 8,294,400, mara nne kamili. Zote hizo kadi huzichora upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Ndiyo maana hapa Radeon RX 7800 XT, kadi ya grafiki ya AMD, haipimwi peke yake, bali pamoja na skrini inayoifaa kuliko zote: inchi 27, 1440p, paneli ya IPS (aina ya kioo cha skrini), hezi 165 (picha 165 kwa sekunde).

Kadi hii ilitoka Septemba 2023. Ina VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya gigabaiti 16 aina ya GDDR6, njia ya kumbukumbu ya biti 256, na husafirisha data gigabaiti 624 kwa sekunde. Mshindani wake wa karibu, GeForce RTX 4070 ya NVIDIA iliyotoka Aprili mwaka huohuo, ana gigabaiti 12, biti 192 na gigabaiti 504 kwa sekunde. Katika gemu zinazochorwa kwa njia ya kawaida, bila hesabu za miale ya mwanga, 7800 XT hulingana na 4070 au huipita kidogo.

Hizo gigabaiti 16 ndizo sababu kubwa ya kuipendekeza. VRAM ikijaa, gemu haikupi onyo lolote. Kinachotokea ni kwamba tekscha (picha zinazovishwa juu ya vitu vya gemu) za ziada huhamia kwenye RAM ya kawaida, na kila zinapohitajika hulazimika kupita kwenye njia ya PCIe, inayounganisha kadi na madabodi, ambayo ni finyu sana ukiilinganisha na ile ya VRAM. Wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri kwenye namba, lakini ukigeuza kamera ghafla picha hukwama kwa kitambo kidogo, au kuta na nyuso hubaki na ukungu sekunde kadhaa kabla ya kukaa sawa. Wengi hulaumu prosesa au draiva (programu inayoendesha kadi) kwa dalili hizo. Kadi za gigabaiti 8 huliona tatizo hili mapema zaidi, hasa zile zinazotumia njia 8 tu za PCIe, mfano RTX 4060. Ukizichomeka kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 zinabaki na takriban gigabaiti 8 kwa sekunde kila upande. 7800 XT hutumia njia zote 16, kwa hiyo mwenye madabodi ya zamani hapotezi kiasi hicho.

Udhaifu wake upo, tena si mdogo. Ukiwasha hesabu za miale ya mwanga, zile zinazochora vivuli na miakisi inayofuata taa halisi, 4070 huiacha nyuma, na kadiri gemu inavyozitegemea hesabu hizo ndivyo pengo linavyopanuka. Kuna pia suala la kukuza picha, yaani kadi kuchora pikseli chache kisha programu kuijaza skrini nzima: DLSS ya NVIDIA hutoa picha tulivu zaidi kuliko FSR 2 na FSR 3 za AMD, hasa kwenye nyaya, majani na nywele zinazosogea. FSR 4, iliyopunguza pengo hilo sana, ilizinduliwa Machi 2025 kwa ajili ya kadi za mfululizo wa RX 9000. Kama gemu unazozipenda hutegemea sana miale ya mwanga au kukuza picha, chukua 4070 na uvumilie VRAM yake ndogo. Kwa wengine wote, VRAM kubwa itakaa na manufaa muda mrefu zaidi.

Umeme nao. 7800 XT imepangiwa wati 263, 4070 wati 200. AMD hushauri pawasaplai ya wati 700. Matoleo mengi huchukua plagi mbili za pini 8, kila moja imepimwa kwa wati 150, na sloti yenyewe hutoa hadi 75. Tumia kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, si kebo moja yenye vichwa viwili. Kadi hizi huvuta umeme kwa mikupuo mifupi inayozidi kiwango kilichoandikwa, na kebo moja iliyobebeshwa mzigo wote hupata joto na kushusha volti. Dalili yake ni kompyuta kuzima ghafla katikati ya gemu nzito ilhali kazi za kawaida zinaenda bila shida. Pima pia nafasi ndani ya kasha kabla ya kulipa: baadhi ya matoleo yenye feni tatu huzidi milimita 300 kwa urefu, na feni za mbele au rejeta ya maji hula sentimita kadhaa za nafasi hiyo.

Sasa skrini. Inchi 27 kwa 1440p hutoa pikseli 109 hivi kwa kila inchi, maandishi yanasomeka vizuri bila kuyakuza. Ukubwa huohuo ukiwa na 1080p unashuka hadi 82, na hapo kingo za herufi huonekana zimekatwakatwa. Inchi 32 ya 1440p inarudi kwenye 92, sawa na inchi 24 ya 1080p. Si mbaya, lakini anayetegemea ukali wa picha ataona tofauti.

IPS inashauriwa kwa sababu rangi zake hazibadiliki ukikaa pembeni na pikseli zake hubadilika kwa kasi inayolingana katika vivuli vyote. Weusi wake ni hafifu, utofautishaji (weupe dhidi ya weusi) ni kama 1000 kwa 1, hivyo chumba kikiwa giza weusi huonekana kijivu. VA, aina nyingine ya paneli, hufika 3000 kwa 1 na zaidi, ila nyingi za bei ya chini huwa nzito kutoka kivuli cheusi kwenda kingine, na kitu kikipita mbele ya ukuta wenye giza huacha mkia kama moshi. Kwa gemu za mashindano mkia huo unaudhi sana. Usilipie zaidi kwa sababu ya alama ya DisplayHDR 400 pekee: hailazimishi skrini kuwa na maeneo ya taa yanayofifia kila moja kivyake, na bila hayo HDR (picha yenye mwanga mkali na giza zito kwa pamoja) huwa jina zaidi kuliko picha.

Kitu cha kuchunguza kwa makini kwenye maelezo ya skrini ni masafa ya FreeSync, teknolojia ya AMD inayofanya hezi za skrini zifuate fremu za kadi. Yakiwa 48 hadi 165, fremu zikishuka hadi 40 skrini huonyesha kila fremu mara mbili na kwenda kwa hezi 80, hivyo picha haichaniki. Yakiwa 48 hadi 75 tu, hila hiyo haiwezekani kwa sababu mara mbili ya 40 ni 80, nje ya masafa. Skrini mbili zinaweza kubeba nembo ileile na kuwa na tabia tofauti kabisa.

Unganisha kwa DisplayPort. Skrini nyingi za daraja hili zenye HDMI 2.0 huishia hezi 144 kwenye tundu hilo, na mwenye nayo hubaki akijiuliza hezi zake 165 zimekwenda wapi. Hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi yenyewe, chini, wala si kwenye madabodi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya onyesho ya Windows na uchague hezi 165 kwa mkono, maana mara nyingi skrini mpya huanza na 60. Tofauti si ya kubahatisha: kwa hezi 60 kila picha hukaa milisekunde 16.7, kwa 165 hukaa 6.1.

Kabla ya kufunga kadi mpya, ondoa draiva za zamani, hasa ukihama kutoka NVIDIA. Kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi) washa Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa pamoja, na Above 4G Decoding inayoiwezesha. Hii hudai CSM (uwashaji wa mtindo wa zamani) izimwe, na diski yenye Windows iwe imepangwa kwa GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), la sivyo kompyuta haitawaka hadi kwenye Windows. Washa FreeSync kwenye menyu ya skrini na pia kwenye programu ya AMD, halafu weka kikomo cha fremu 160 ili zisigonge ukingo wa 165. Kwenye kipengele cha skrini cha kuharakisha pikseli chagua ngazi ya kati. Ya juu kabisa huchora mwanga mweupe nyuma ya vitu vinavyokimbia, hasa fremu zikishuka.

Fremu zisipofika matarajio, shusha ubora hadi 1080p kwa dakika chache. Zikibaki palepale, kizuizi ni prosesa au RAM. Angalia kwanza kama RAM ni kijiti kimoja, kwani vijiti viwili hufungua njia mbili za data, na tatizo mara nyingi huishia hapo.

Skrini ikiwa bado ndani ya muda wa kurudishwa, ifungulie rangi tupu moja baada ya nyingine: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Pikseli iliyokufa huonekana mara moja kwenye nyeupe. Mwanga unaovuja kwenye kona huonekana kwenye nyeusi ukizima taa za chumba, na kidogo ni kawaida kwa IPS. Ukiwa wa manjano na unaonekana hata mchana, irudishe.