Zabbix: miezi sita ofisini kwetu Dodoma, sijutii

Wakuu, mi nasimamia sava nne na swichi kadhaa kwenye ofisi moja hapa Area D, na zamani nilikuwa najua sava imezima pale mhasibu akinipigia simu. Sasa hivi Zabbix, programu inayofuatilia hali ya mashine muda wote, inanitumia meseji Telegram kabla mtu hajashtuka. Programu ni huria na ni ya bure, ipo toka 2001, unaiweka kwenye Linux halafu kila mashine inapewa ejenti yake (kiprogramu kidogo kinachotoa taarifa za mashine hiyo) inayotumia poti 10050 (mlango wa mtandao), swichi na UPS unazisoma kwa SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kutoa taarifa zao.

Jumamosi moja usiku saa nane simu ikalia, joto la chumba cha sava limefika 38, nikachukua boda mpaka ofisini, nakuta umeme ulikatika ukarudi ila kiyoyozi hakijawaka tena na feni za sava zinavuma kama mashine ya kusaga. Aisee ningelala mpaka Jumatatu sijui ningekuta nini!

Kwenye ulinzi pia inasaidia sana, nimeiambia isome logi (kumbukumbu) za SSH, yaani njia ya kuingia kwenye sava ukiwa mbali, mtu akikosea paswedi mara kumi ndani ya dakika moja napata taarifa, ila msiichukulie kama fayawoli, hii inaona tu haizuii. Na hizo poti msiziache wazi kwenye intaneti jamani, washeni TLS (inaficha mawasiliano yasisomwe na wengine) kati ya ejenti na sava.

Triga, yaani masharti yanayoamua lini utumiwe taarifa, zinataka uvumilivu kuzipanga, tenga wiki nzima. Nyota tano.