Huduma ya kusafisha vidonda vya wazee katika zahanati moja ya Mwanjelwa, Mbeya

Mama yangu mkubwa, mzee wa Rungwe mwenye kidonda cha kisukari mguuni, anasafishwa kidonda hicho katika zahanati binafsi iliyo jirani na soko la Mwanjelwa, na kilichonisukuma kuandika tathmini hii ni zoezi la kupumua ambalo wazee hufundishwa hapo kabla bendeji haijaguswa.

Mgonjwa huvuta hewa polepole kwa pua huku muuguzi akihesabu hadi nne, kisha huitoa kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji, hadi sita, bila kuizuia pumzi katikati. Kutoa pumzi taratibu hivyo hupunguza kasi ya moyo na kulegeza misuli iliyokakamaa kwa hofu, na maumivu huwa rahisi kuvumilika. Hata hivyo, ubora wa huduma hii unategemea nani yuko zamu. Kwa kuwa Mama mkubwa hasikii vizuri, muuguzi wa asubuhi, baada ya kumwamkia, aliuchukua mkono wa mzee akauweka juu ya tumbo ili aone mwenyewe linavyopanda na kushuka, akailowesha shashi kwa maji ya chumvi, akangoja ilainike, kisha akawa anaibandua kidogo kidogo, kila mara pumzi inapotoka. Mzee ambaye siku zote hung'ang'ania ukingo wa kitanda alitulia, akawa anauliza bei ya ndizi sokoni.

Muuguzi wa mchana alisema tu, "Pumua, bibi, pumua," huku akivuta shashi ingali kavu, na mzee akahema harakaharaka hadi akapata kizunguzungu, kama inavyompata yeyote anayepumua kupita kiasi. Zoezi likifanywa hivyo, heri lisiwepo.

Nimeridhika pia kwamba hapo kupumua hakuchukuliwi kuwa mbadala wa dawa: kwanza huuliza kama mgonjwa amekunywa dawa ya maumivu, ingawa sikuwasikia wakiuliza kuhusu pumu au ugonjwa wa mapafu, swali ambalo kwa wazee lingepaswa kutangulia. Huduma haina malipo ya ziada. Anayempeleka mzee afike asubuhi, aombe shashi iloweshwe, na kwa miezi ya Juni na Julai abebe blanketi, kwani benchi la kusubiria liko nje kwenye baridi.