Chalenji ya mwezi ya klabu ya picha: nimeitwa mwizi wa picha yangu mwenyewe

Naandika hasira bado zipo, kwaiyo mnivumilie.

Mi nipo kwenye klabu moja ya picha hapa Dar, jina nawaachia wenyewe. Kilichonipeleka ni hii michezo yao ya kila mwezi, yani mnapewa neno moja tu, wote mnaingia mtaani na neno hilohilo. Mwezi wa "Kivuli" nilipiga miguu ya bodaboda kijiweni. Mwezi wa "Maji" kila mtu alileta bahari, nikawacheka kimoyomoyo, na mimi mwenyewe nilileta bahari.

Sasa mwezi ule neno likawa "Kusubiri". Nikatoka Mbagala na giza lake, kabla ya saa kumi na mbili nipo Feri soko la samaki, maana jua letu likishachomoza halikai laini muda mrefu, ukichelewa kidogo tu macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Kuna mama mchuuzi kakalia ndoo aliyoipindua, anasubiri mnada uanze, mikono kaificha ndani ya kanga, anaangalia maji. Nikamwamkia, nikamwomba, akasema "piga mwanangu, ila usinitoe kama nina njaa". Nilipiga kama ishirini hivi, moja ndo ilikaa.

Nikaituma kwenye grupu la WhatsApp kama tulivyoagizwa. KAMA TULIVYOAGIZWA. Siku ya majaji projekta ikawashwa, ikafika yangu, watu kimya, nyuma huko mtu akasema duh. Alafu jaji mkuu, mzee mzima na lenzi lake refu kama bomba la dawasa, akanigeukia: "Dada, hii umeitoa wapi?" Nikajibu Feri. "Sikuulizi ulipigia wapi, nakuuliza umeitoa wapi. Haina tarehe, haina kamera, haina chochote. Sheria ni picha ya mwezi huuhuu." Akabonyeza, ikapita. Watu wakacheka, sio wote, ila waliocheka nawajua.

Jamani, WhatsApp ukituma picha kama picha inaibana alafu inaivua taarifa zote za ndani, tarehe, saa, kamera, mahali, vyote vinabaki kwenye faili lako la mwanzo. Yani hata za wenzangu zilizopita grupuni zilikuwa uchi vilevile, mbona wao hawakuulizwa? Nikamwambia mzee, kadi ninayo hapa kwenye begi, tuichomeke tuone, akasema muda umeisha. Muda upi? Baada ya hapo tulikaa nusu saa nzima tunasubiri soda.

Nyota moja. Msijiunge, ada yenu kaleni chipsi.

Ila nikisema ukweli wangu, kabla ya hizi chalenji nilikuwa napiga maua na machweo tu, simu imejaa machweo, sasa hivi nikikaa kwenye daladala naangalia mikono ya watu. Kuna kozi nililipia hela nyingi haikunipa hata robo ya hiyo. Haya basi, mbili. Na yule mama, nilienda kuisafisha picha yake Kariakoo nikampelekea, akaiangalia weee, akasema "mbona nimetoka kama mke wa waziri", akawaita wenzake wote, akanifungia changu wawili, hela kakataa. Kwa hilo naweka tatu, lakini ya tatu ni ya mama, klabu wasiiguse.

Radhi sijaombwa mpaka leo. Juzi tu hapa mzee kanitumia meseji ya pembeni, eti "mwezi huu dada tuma kama dokumenti, tarehe isipotee."

Kumbe alikuwa anajua! Siku ile yote anajua! Rudisheni moja.