Siku nzima Ryogoku Kokugikan: ingia asubuhi

Tiketi ya sumo, mieleka ya Kijapani, pale ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, Tokyo, ni ya siku nzima. Hata hivyo watu wengi huingia alasiri, wakawatazama wanasumo wa madaraja ya juu kwa saa mbili tatu, kisha wakaondoka. Mimi nasafirisha magari yaliyotumika kutoka huku kwenda Dar na Mombasa, na kila mgeni wa kutoka nyumbani akiniuliza aone nini Tokyo, namwambia: nenda Kokugikan, na uende asubuhi.

Asubuhi ukumbi ule wa watu karibu 11,000 huwa mtupu, hata unasikia vifua vikigongana. Wanaopanda ulingoni ni vijana wa Jonokuchi, daraja la sita, la chini kabisa, na mikanda yao ni ya pamba nyeusi. Hawa hawana mshahara. Kambi inawapa chakula na pa kulala, na kila mashindano wanapata posho kidogo. Katika siku 15 za mashindano wanapigana mara 7 tu: ukishinda 4 unapanda, ukishindwa 4 unashuka. Wakitoka hapo wanarudi kambini kupika, kufagia na kuwasugua wakubwa wao migongo bafuni. Hakuho, Mmongolia aliyetwaa ubingwa mara 45, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa, alianzia humo humo mwaka 2001, na mashindano yake ya kwanza kwenye daraja hilo alishinda 3 akashindwa 4. Kwa hiyo yule mtoto mwembamba unayemwona akibwagwa mbele ya viti vitupu, usimdharau.

Wengi wao lakini hawatafika. Hanakaze alianza mwaka 1986 na kustaafu Januari 2022, akiwa na miaka 51, na hakuwahi kuonja daraja la mshahara. Namheshimu mtu yule kuliko mabingwa kadhaa.

Saa nane mchana uwe umekaa kitini pako, maana pambano zinazonikaza macho kuliko zote ni zile za mwisho za Makushita, daraja la tatu. Juu yake ipo Juryo, na mpaka kati ya madaraja hayo mawili ndio maisha yenyewe. Aliye Juryo analipwa zaidi ya yeni milioni moja kwa mwezi, anavaa mkanda wa hariri wa rangi aitakayo, nywele zake zinatengenezwa mfano wa jani la mti wa ginkgo, na anapewa vijana wa kumtumikia. Aliye hatua moja chini yake ndiye anayetumikia. Wanasumo wote ni kama 600, na nafasi za mshahara ni 70 tu: 28 za Juryo na 42 za Makuuchi, daraja la juu. Tazama hata miguu ya waamuzi: wa madaraja ya chini wako pekupeku, wa Juryo na kuendelea wana soksi. Nao wanapanda ngazi vivyo hivyo.

Ukishaiona ngazi hiyo kwa macho yako, ndipo utaelewa alichofanya Terunofuji. Alikuwa ozeki, cheo cha pili kwa ukubwa, magoti na kisukari vikamshusha hadi Jonidan, daraja la tano. Mwaka 2019 alikuwa anapigana asubuhi na wale watoto. Julai 2020 akatwaa ubingwa wa Makuuchi, na 2021 akawa yokozuna, cheo cha juu kabisa.

Kwetu Waafrika alikuwepo Osunaarashi, Mmisri, Mwafrika wa kwanza kwenye sumo ya kulipwa. Alifunga Ramadhani huku akishindana. Julai 2014, mfungo haujaisha, aliwaangusha yokozuna wawili siku mbili mfululizo, Kakuryu na Harumafuji. Naisimulia habari hii kila ninapopata mtu wa kunisikiliza.

Chakula: ukumbi una jiko lake chini ya ardhi linalochoma mishikaki ya kuku, na kuku anapendwa kwa sababu husimama kwa miguu miwili, wakati mwanasumo akigusa chini kwa mkono ameshindwa. Kwa Mwislamu huyo kuku hajachinjwa kwa utaratibu wetu, kwa hiyo shiba kabla ya kuingia.

Jambo linaloniuma ni kwamba mwanamke haruhusiwi kukanyaga ulingo. Mwaka 2018 huko Maizuru meya alianguka ulingoni, wanawake wakakimbilia kumwokoa, mwamuzi akatangaza kwa kipaza sauti washuke. Chama cha sumo kiliomba radhi, lakini sheria bado ipo. Nina mabinti, na sina jibu la kuwapa juu ya hilo.

Tokyo mashindano huwa Januari, Mei na Septemba. Nunua tiketi siku zinapoanza kuuzwa, maana huisha upesi. Vile visanduku vya chini ni vya kukaa juu ya mito, watu wanne mkibanana, kwa hiyo mwenye magoti mabaya achukue kiti cha ghorofani. Ni bei nafuu, na ulingo unauona wote. Shukia stesheni ya Ryogoku kwa treni ya Sobu. Paa la kijani utaliona ukiwa bado jukwaani.