Tathmini ya kifaa cha ELM327 kwa gari la dizeli linalogoma kuwaka mara moja moja

Hitilafu inayosumbua kuliko zote kwenye gari la dizeli ni ile inayokuja na kuondoka: leo injini inashika mara moja, kesho stata inazungusha bila mafanikio, na gari likifikishwa kwa fundi linawaka vizuri kabisa. Kwa tatizo la namna hiyo nimetumia kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (soketi ya kuchunguzia gari) yenye pini 16 chini ya usukani na kutuma taarifa kwenye simu.

Wauzaji hukinadi kama kifaa cha kusoma kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapogundua kasoro, na hapo ndipo msaada wake ni mdogo, kwa kuwa gari linalogoma mara moja moja mara nyingi haliachi kodi yoyote. Thamani yake iko kwenye vipimo vya papo hapo. Unafungua mizunguko ya injini, shinikizo la dizeli kwenye reli (bomba linalogawa dizeli kwa nozeli) na volti za betri, kisha unapiga stata wakati huohuo gari limegoma. Mizunguko ikisoma sifuri ilhali stata inazungusha injini, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka, au waya zake, na sensa hiyo ina tabia ya kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Mizunguko ikionekana lakini shinikizo likabaki chini, injini haitawaka, maana mifumo mingi ya komoni reli, yaani ya dizeli inayotumia reli hiyo, huhitaji shinikizo la takriban baa 200 au zaidi kabla kompyuta haijaruhusu nozeli kufunguka. Hapo unakagua filta, mipira inayovuta hewa, vali ya kudhibiti pampu, na nozeli zinazorudisha dizeli kupita kiasi, ambazo huvuja zaidi injini ikiwa ya moto kwa sababu dizeli yenyewe imekuwa nyepesi.

Pikapu yangu ilikuwa imeshaandikiwa pampu mpya. Vipimo vilionyesha shinikizo likipanda polepole mno kila ilipogoma, na ilikuwa ikigoma tu baada ya kuegeshwa kwa saa kadhaa pua ikielekea mlimani. Chanzo kilikuwa klipu iliyolegea kwenye mpira wa dizeli, iliyoruhusu hewa kuingia na dizeli kurudi kwenye tangi. Kifaa hakikunionyesha klipu, ila kilitutoa kwenye waya na sensa kikatupeleka kwenye njia ya dizeli, na ukizingatia gharama ya pampu ya shinikizo la juu, huo ni msaada mkubwa sana.

Udhaifu wake upo. Vingi madukani ni nakala za chipu iliyobuniwa Kanada, na baadhi hukata mawasiliano volti zikishuka stata inapozunguka, yaani wakati uleule unaovihitaji. Ukiliona hilo, pima betri na nyaya za ethi zinazofungwa kwenye bodi kwanza. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo tunayanunua kwa wingi yakiwa yametumika, wakati mwingine hayatoi shinikizo la reli kwa programu za kawaida, hivyo dai kujaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Tena kichomoe ukimaliza, kwa kuwa pini ya 16 ina umeme wa betri hata swichi ikiwa imezimwa, na kikiachwa kwenye gari lililoegeshwa kwa muda mrefu kinaweza kuimaliza betri.